Matokeo ya nyutrino: tunahesabu tani, tunasahau jicho

Oktoba 2025 jarida la Nature lilichapisha uchambuzi wa pamoja wa majaribio mawili makubwa ya nyutrino, zile chembe ndogo mno zisizo na chaji, T2K la Japani na NOvA la Marekani, T2K likiwa limeleta data ya takriban miaka 10 na NOvA ya takriban miaka 6. Habari ilipotua mitandaoni, ilisomwa kwa namna mbili. Kuna waliotangaza kwamba sasa tunajua, au tunakaribia kabisa kujua, kwa nini ulimwengu una maada badala ya kuwa mtupu. Kuna pia waliotazama sentensi za mwisho za uchambuzi wenyewe, wakaona hakuna jibu la mkato, wakahitimisha kwamba timu mbili zilizokuwa zikishindana zimeamua kuungana ili kufichana aibu. Naona pande zote mbili zimekosea, na kosa lao ni moja. Zimeichukulia kazi hii kama kujumlisha kura: lete zako, niongeze zangu, tuone nani kashinda. Uzito wa matokeo haya hautokani na wingi wa data. Unatokana na ukweli kwamba majaribio haya mawili yanaitazama nyutrino kwa macho ya aina tofauti, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo iko kwenye kifaa kisichotajwa sana magazetini: kipande cha silikoni kisichozidi ukubwa wa punje ya mchele, kinachopokea mwanga hafifu na kuugeuza kuwa umeme.

Nyutrino yenyewe inajulikana kwa sifa yake ya kutogusa kitu. Katika kila sentimita moja ya mraba ya ngozi yako zinapita takriban bilioni 65 kutoka kwenye jua kila sekunde, mchana na usiku, kwa sababu hata dunia nzima haizizuii. Wolfgang Pauli alizibuni kwa kalamu mwaka 1930, na ikachukua miaka 26 mpaka Frederick Reines na Clyde Cowan wakazinasa kwenye mtambo wa nyuklia wa Savannah River, Marekani. Walizinasaje? Kwa matangi ya maji yaliyobanwa katikati ya matangi ya sintileta, yaani kimiminika kinachometa chembe yenye chaji inapokipita, huku mamia ya mirija ya kioo inayohisi mwanga ikiyakodolea macho. Tangu siku hiyo hatujawahi kuiona nyutrino yenyewe. Tunachoona ni mmweko unaoachwa na kile ilichokigonga.

Hapo ndipo ugumu ulipo, na ndipo wasomaji wengi walipoachwa njiani. Nyutrino ziko za aina 3, na zinapokuwa safarini hubadilika kutoka aina moja kwenda nyingine. Jambo hilo lilithibitishwa na kitambuzi cha Super-Kamiokande mwaka 1998 na kile cha SNO cha Kanada miaka michache baadaye, likawapa Takaaki Kajita na Arthur McDonald Tuzo ya Nobel ya mwaka 2015. Kiwango cha kubadilika hutegemea umbali uliosafiriwa ukigawanywa kwa nishati ya nyutrino. Umbali hauna shida: kwa T2K, kutoka Tokai hadi Kamioka ni kilomita 295, na kwa NOvA, kutoka maabara ya Fermilab karibu na Chicago hadi Ash River, Minnesota, ni kilomita 810, na milima haihami. Nishati ndiyo kitendawili. Nyutrino haiji na kitambulisho. Lazima nishati yake ikisiwe kutokana na mwanga uliotoka pale ilipogonga, na ukikosea mwanga umekosea nishati, na ukikosea nishati unaweza ukadai umegundua tofauti kati ya nyutrino na antinyutrino, pacha wake wa antimaada, ambayo kumbe ilikuwa tofauti kati ya hesabu yako na ukweli. Swali zima la kwa nini maada ilibaki na antimaada, kinyume chake, ikatoweka linaninginia kwenye uzi huo.

Sasa tazama jinsi timu hizi mbili zinavyokisia. Kitambuzi cha mbali cha T2K ni Super-Kamiokande: tani 50,000 za maji safi ndani ya mlima, yakizungukwa na mirija ya kioo ipatayo 11,000, kila mmoja una kipenyo cha inchi 20. Muoni (binamu mzito wa elektroni) au elektroni ikitoka kwenye mgongano kwa kasi inayozidi kasi ya mwanga ndani ya maji, hutoa pete ya mwanga wa Cherenkov. Ni picha nzuri sana, lakini ni picha ya chembe moja. Protoni iliyopigwa teke kwenye mgongano huohuo mara nyingi haina kasi ya kutosha kutoa pete, na nyutroni haina chaji kabisa. Kwa hiyo T2K hupima pembe na kasi ya chembe inayoonekana, kisha hurudi nyuma kwa hesabu hadi kwenye nishati ya nyutrino, ikidhani kwamba mgongano ulikuwa wa namna fulani rahisi. NOvA hufanya karibu kinyume. Yenyewe ina sintileta, hivyo hukusanya mwanga wa kila chembe yenye chaji iliyotoka pale, ndogo kwa kubwa, na kuujumlisha. Ni sawa na watu wawili wanaokisia gharama ya harusi. Mmoja anamwangalia bibi harusi, nguo na dhahabu zake, kisha anapiga hesabu ya mengine yote. Wa pili anaingia jikoni na kuhesabu masufuria. Wote wanaweza kukosea. Ila ni vigumu wakosee kwa namna moja.

Niingie jikoni kwa NOvA kidogo, maana kuna ufundi wa kustaajabisha. Kitambuzi chao cha mbali kina tani 14,000 na kimejengwa kwa vyumba virefu vya plastiki ya PVC, jamii ya plastiki ileile ya mabomba yetu ya maji, vyumba 344,064 kwa jumla, kila kimoja kina urefu wa mita 15.5 na upana wa sentimita chache. Ndani yake wamemimina mafuta mepesi ya madini yaliyochanganywa na sintileta. Mwanga unaotokea humo ni wa buluu na hauwezi kusafiri mbali, kwa hiyo kila chumba kimepitishwa uzi wa plastiki wenye unene wa milimita 0.7 ambao humeza mwanga wa buluu na kutoa wa kijani, kisha kuusafirisha hadi mwisho. Uzi huo umekunjwa chini na kurudi, ili ncha zake zote mbili zifike kwenye jicho moja. Mmweko uliotokea upande wa mbali wa chumba ukifika mwishoni, umebaki na fotoni, yaani vipunje vya mwanga, za kuhesabika. Wahandisi wa majaribio ya awali wangeweka hapo mrija wa kioo. Lakini mirija ya kawaida ina macho ya buluu. Kwa mwanga wa kijani inakamata sehemu ndogo tu ya fotoni zinazoifikia. NOvA wakachagua fotodayodi za maporomoko, silikoni inayokamata takriban 85 katika kila fotoni 100 za kijani. Fotoni ikiangua elektroni moja, umeme mkali ndani ya silikoni huisukuma igonge nyingine, nazo zigonge nyingine, mpaka moja inakuwa kama 100. Kila kipande kina macho 32, na vipande ni zaidi ya 10,000, vyote vikipozwa hadi nyuzi 15 chini ya sifuri. Bila silikoni hiyo, vyumba vingelazimika kuwa vifupi, nyuzi na vifaa vya umeme vingekuwa vingi zaidi, na bajeti isingefika popote. Ukubwa wa NOvA uliamuliwa na jicho lake.

Fotodayodi si mnyama wa maabara tu. Iko kwenye televisheni ikisubiri amri ya rimoti, iko kwenye kile kibanio kinachobana kidole hospitalini kupima oksijeni, na paneli ya sola juu ya bati ni ndugu yake mkubwa. Nilipokuwa nafundisha fizikia sekondari hatukuwa na hata moja kabatini, nikachukua taa ndogo ya LED, nikaiunganisha na mita ya fundi redio na kuipeleka juani. Mshale ukacheza. Taa inayotoa mwanga ilikuwa inaupokea. Wanafunzi walidhani nimewafanyia mazingaombwe, na nadhani mmoja wao mpaka leo hajaniamini.

Turudi Japani, kwa sababu T2K nayo ina silikoni, ila imeiweka mlangoni badala ya sebuleni. Mita 280 tu kutoka pale nyutrino zinapozaliwa kuna kitambuzi cha karibu, ambacho kazi yake ni kueleza mkondo ulivyo kabla haujaanza kubadilika. Kimefungwa ndani ya sumaku kubwa iliyotoka CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, sumaku ileile ya jaribio la UA1 lililoshiriki kugundua chembe za W na Z mwaka 1983. Mrija wa kioo ukiuweka ndani ya sumaku unapofuka: elektroni zinazoruka kwenye utupu wake hupindishwa zikakosa njia. Silikoni haijali. Kwa sababu hiyo T2K, ilipoanza mwaka 2010, ikawa jaribio la kwanza kutumia kwa makumi ya maelfu vipande vya silikoni vyenye mamia ya seli ndogo, kila kipande kikiwa na upana wa milimita 1.3, chenye uwezo wa kuhesabu fotoni mojamoja. Mwaka 2023 wakaongeza kitu cha ajabu zaidi: karibu michemraba milioni 2 ya plastiki ya sintileta, kila mmoja sentimita 1, imepangwa kama matofali, na nyuzi zinapita ndani yake kutoka pande 3 hadi kwenye vipande 55,888 vya silikoni. Wakati wa kuipanga, mafundi waliitunga michemraba hiyo kwenye mishipi ya kuvulia samaki ili matundu yanyooke, kisha wakachomoa mshipi mmoja baada ya mwingine na kupitisha nyuzi za mwanga. Mtu yeyote aliyekulia Pwani anaijua kazi ya kutunga shanga. Hii ilikuwa kazi hiyohiyo, mara milioni 2. Faida yake ni kwamba zile protoni fupi ambazo Super-Kamiokande haizioni, hapa zinaacha alama, na hata nyutroni zinaweza kufuatiliwa kwa muda zinaochukua kabla ya kugonga mchemraba mwingine.

Kuna hoja ninayoisikia mara kwa mara, hata kwa watu waliosoma: kwamba haya ya macho ni mapambo, nyutrino ni nyutrino, jenga tangi kubwa zaidi subiri miaka mingi zaidi, jibu litakuja. Ni hoja dhaifu kuliko zote. Tani huongeza idadi ya migongano, na idadi hupunguza kosa la bahati nasibu. Haipunguzi hata kidogo kosa la kudumu. Mizani ya muuza nyama ikiwa imepinda gramu 100, haitanyooka kwa kupima kilo 1,000. Utakachopata ni uhakika mkubwa juu ya uzito usio sahihi. NOvA ni mfano mzuri kwa upande mwingine pia. Kitambuzi chake cha mbali kiko juu ya ardhi, si chini ya mlima, na chembe za miale ya kosmiki zinakipiga zaidi ya mara 100,000 kwa sekunde, ilhali mkondo kutoka Fermilab hufika kwa mapigo mafupi ya mikrosekunde 10 tu, yaani sehemu 10 kati ya milioni za sekunde moja. Uchambuzi huo wa nafaka na pumba hauwezekani kwa tani. Unawezekana kwa sababu vyumba ni vidogo, saa ni kali, na kila jicho linatoa taarifa yake.

Hoja yenye nguvu dhidi yangu inatoka China. Agosti 26, 2025, kitambuzi cha JUNO mkoani Guangdong kilianza kukusanya data: tani 20,000 za sintileta ya kimiminika ndani ya tufe la akriliki, mita 700 chini ya ardhi, likitazamwa na mirija ya kioo 17,612 ya inchi 20 na mingine 25,600 ya inchi 3. Silikoni hakuna. Na kwa data ya siku 59 pekee kilipima vigezo viwili vya nyutrino kwa usahihi uliozidi majaribio yote yaliyotangulia. Mtu akiniuliza, mbona kioo cha zamani kinashinda, sina budi kumjibu kwa heshima. Silikoni ina kelele. Hata gizani, joto lenyewe huangua elektroni, na kila moja huonekana kama fotoni. Kwenye joto la chumba, milimita moja ya mraba ya silikoni hupiga kelele za namna hiyo makumi elfu kwa sekunde. Mrija mmoja wa inchi 20 una eneo la takriban milimita za mraba 200,000 na kelele zake zote ni makumi elfu tu. Lifunike eneo hilohilo kwa silikoni na utapata kelele za kiasi cha bilioni 10 kila sekunde. Ni kama kusikiliza mnong'ono katikati ya Kariakoo mchana wa mkesha wa sikukuu. Ongeza bei. Pale mwanga unapopaswa kukamatwa juu ya uso mpana, mrija wa kioo bado ni mfalme, hata kama ni mfalme anayevunjika: Novemba 2001 mrija mmoja wa Super-Kamiokande ulipasuka wakati maji yanajazwa, mshindo wake ukapasua jirani yake, na jirani akapasua jirani, mpaka mirija zaidi ya 6,000 ikaangamia.

Lakini hata JUNO ina mdogo wake, anayeitwa TAO, karibu na mtambo wa nyuklia wa Taishan, aliyekusudiwa kupima kwa undani antinyutrino zinavyotoka mtamboni. Tani 2.8 tu za sintileta, na hapo wamekubali gharama: mita za mraba 10 za silikoni, zinazofunika karibu uso wote, zikipozwa hadi nyuzi 50 chini ya sifuri ili zinyamaze. Kwa nini wahangaike hivyo? Kwa sababu wanajua tufe kubwa likisoma mgawanyo wa nishati vibaya, ukubwa wake hautamwokoa mtu. Kwa hiyo simaanishi silikoni imeshinda kioo. Ninachodai ni kwamba kila jaribio linalofaulu limeanza kwa kuuliza mwanga wake ni wa rangi gani, ni kiasi gani na unatoka wapi, kisha likajenga tangi kulizunguka jibu.

Na wale wanaosema kuunganisha data ni kuficha mvutano? Ni kweli T2K na NOvA, kila moja peke yake, zilionekana kuelekea pande tofauti kidogo kuhusu tabia ya antinyutrino, endapo mpangilio wa masi za nyutrino, yaani ipi nyepesi na ipi nzito, ni ule unaoitwa wa kawaida. Uchambuzi wa pamoja haukulifunika hilo. Ulisema wazi kwamba data haijachagua mpangilio upi ni wa kweli. Ulisema kwamba ikiwa mpangilio ni wa kinyume, basi kuna dalili nzito kwamba nyutrino na antinyutrino hazifanani tabia. Na ukapima tofauti ya masi kwa kosa lisilofika asilimia 2. Ni hitimisho la mtu muungwana. Hofu iliyo na msingi ni nyingine: timu zote mbili zinategemea nadharia za jinsi nyutrino inavyogonga kiini cha atomu, na nadharia zikikosea, macho mawili tofauti yanaweza kudanganywa kwa pamoja. Waliokagua walijaribu hali za kupindukia na kuona kwamba kwa kiasi cha data kilichopo athari ni ndogo. Data itakapoongezeka haitakuwa ndogo. Hyper-Kamiokande, mrithi wa Super-Kamiokande inayotarajiwa kuanza mwaka 2028, na jaribio la DUNE la Marekani, yenye argoni ya kimiminika umbali wa kilomita 1,300 kutoka Fermilab, zitafika mahali ambapo kosa la kudumu ndilo litakaloamua. Ndiyo maana ile michemraba iliyotungwa kwa mishipi ina thamani kuliko tani nyingine elfu za maji, ingawa haipigi picha nzuri gazetini.

Hapa kuna jambo la kisiasa, nami sitalikwepa. Anayetengeneza jicho ana sauti. Kampuni ya Hamamatsu ya Japani iliuza mirija ya Super-Kamiokande, silikoni ya T2K na fotodayodi za NOvA; China ilipojenga JUNO ilikataa kutegemea mlango mmoja, ikakuza mirija yake yenyewe, na sehemu kubwa ya ile 17,612 imetoka kwenye kiwanda chake. Brazil haikuwa na tangi kubwa. Ana Machado na Ettore Segreto, wa Chuo Kikuu cha Campinas, walibuni kisanduku kidogo ambacho mwanga ukiingia hautoki, unarukaruka humo mpaka ukutane na silikoni. Wakakiita Arapuca, jina la mtego wa jadi wa kunasia ndege nchini kwao. Leo mtego huo umo kwenye mpango wa DUNE, na nchi isiyokuwa na tangi imekaa mezani na wenye matangi.

Ninapowasikia wakuu wa vyuo vyetu wakisema fizikia ya chembe ni ya matajiri, huwa najiuliza wanawazia sehemu gani ya jaribio. Mapango na vichapuzi vya chembe, sawa, hatuna. Lakini ujuzi wa sintileta na silikoni ni wa mezani, na unatumika nje ya nyutrino: mashine za PET za kutafuta saratani, ambazo Nairobi tayari inazo, hufanya kazi kwa fuwele zinazometa na vihisi mwanga vinavyozisoma, na mashine mpya nyingi duniani zimehamia kwenye silikoni. Mashine hizo nazo zinahitaji mafundi wa kuzitengeneza zikiharibika. Kuna muundo uliotolewa bure na watafiti wa MIT, wa kitambuzi cha muoni kinachokaa kiganjani: kibao cha sintileta cha sentimita 5 kwa 5, kipande cha silikoni cha milimita 6, na bodi ya umeme ambayo mwanafunzi anaweza kuilehemu mwenyewe. Vifaa vyake ni takriban dola 100. Kikiwekwa mezani Dar es Salaam au Mombasa, usawa wa bahari, kila sentimita ya mraba hupitiwa na muoni mmoja hivi kwa dakika, kwa hiyo kitahesabu kama 25. Kipandishe Lushoto na hesabu itaongezeka. Kwa kiasi gani hasa, na kama inalingana na vitabu, ni kazi ya wiki moja ya mwanafunzi wa mwaka wa pili.